Sura ya Sita: Ledi Laini, Ledi Ngumu

Kipande cha ledi safi hukwaruzika kwa ukucha. Kikidondoka sakafuni hutoa kishindo kizito, kifupi, kisicho na mwangwi. Tia bati kidogo ndani yake, kishindo kitaanza kulia. Tia antimoni, kitalia waziwazi na ukucha utateleza juu yake bila kuacha alama. Kwa ukucha na sikio tu, walenga shabaha wa Uingereza na Marekani wa karne ya 19 waliamua jambo lililowashughulisha kuliko jingine lolote kambini na viwanjani: risasi wanayoisubu wenyewe iwe ngumu kiasi gani. Katika sura hii neno ledi litasimama kwa madini, na risasi kwa kile kinachotoka mtutuni, ili msomaji asipotee njiani.

Jibu la haraka, ambalo hata leo hutolewa na watu wanaojiita wajuzi, ni kwamba risasi ikiwa ngumu zaidi ndiyo bora zaidi. Jibu hilo limeharibu shabaha nyingi, na limejaza mabaki ya ledi katika mitutu ambayo ingestahili kutunzwa. Bunduki ya kale ina matakwa yake. Mtutu, baruti na madini lazima vipatane, na mpatanishi wao ni ugumu uliopimwa vizuri, ambao mara nyingi ni mdogo kuliko mtu anavyodhani.

Tuanzie mdomoni mwa bunduki, maana ndiko tatizo lilikoanzia. Gobori la kawaida, mfano wa yale yaliyoingia kwa maelfu kupitia Unguja katika karne ya 19, lina mtutu laini ndani. Baruti humiminwa, gololi hufuata, na mdeki hushindilia vyote. Gololi hupwaya kidogo mtutuni, hivyo hujazwa upesi, lakini ikitoka hugonga kuta huku na huku na kwenda inakotaka. Bunduki ya mfuo ina vijia vilivyochongwa ndani kwa msokoto, kutoka nyuma hadi mdomoni. Risasi ikiikamata mifuo hiyo huanza kuzunguka, na kwa kuzunguka hutulia hewani. Kero ilikuwa hapo hapo: ili ikamate mfuo, risasi lazima ibane, ili ijazwe upesi kutoka mdomoni, lazima ipwaye. Kwa muda mrefu wenye bunduki za mfuo walilazimika kuzisukuma risasi kwa nguvu, wengine kwa nyundo ya mti, huku adui mwenye mtutu laini akipiga mara tatu.

Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alitoa suluhisho lililotegemea ulaini wa ledi moja kwa moja. Risasi yake ilikuwa na ncha mbele na shimo nyuma, na ndani ya shimo mlipachikwa kikombe kidogo cha chuma. Iliteremka mtutuni kwa urahisi kwa sababu ilikuwa nyembamba kuliko tundu. Baruti ilipolipuka, gesi ilikisukuma kikombe ndani ya shimo, kuta za nyuma za risasi zikapanuka na kuingia katika mifuo. James Burton, aliyefanya kazi katika kiwanda cha silaha cha Harpers Ferry nchini Marekani, aliona kwamba kikombe hakihitajiki: kuta zikiwa nyembamba ipasavyo, gesi yenyewe inatosha kuzivimbisha. Waingereza nao wakaipa bunduki yao ya Enfield ya mwaka 1853 risasi ya jamii hiyo.

Sasa fikiria fundi anayetia bati katika risasi ya namna hiyo akidhani anaiboresha. Kuta za nyuma zinakakamaa. Gesi inasukuma, kuta zinakataa kupanuka, risasi inateleza juu ya mifuo bila kuikamata, na gesi ya moto inapenya pembeni ikiilamba ledi na kuibandika mtutuni. Risasi inatoka haizunguki, na ndani ya mita mia imeshapinduka. Bunduki ya mfuo inayojazwa kwa mdomo, yenye risasi ya jamii ya Minié, inataka ledi safi kadiri inavyopatikana. Hapa hakuna mjadala, na anayekuambia vinginevyo hajawahi kuokota risasi iliyokwisha kupigwa akaikagua kama ina chapa za mifuo.

Mjadala wa kweli uliletwa na Joseph Whitworth, mhandisi wa Manchester ambaye maisha yake yote yalikuwa ya kupima vitu kwa usahihi. Serikali ya Uingereza ilimwomba aichunguze Enfield, naye akaja na mtutu wenye tundu la pembe sita, mwembamba wa milimita 11.5 hivi, na risasi ya gramu 34. Katika majaribio ya mwaka 1857, kwa umbali wa mita 457, risasi za Enfield zilitawanyika kwa wastani wa sentimita 68 kutoka kitovuni. Za Whitworth, sentimita 11. Lakini linalonivutia zaidi ya tarakimu hizo ni aina ya risasi alizotumia. Alikuwa na risasi ngumu iliyochongwa pembe sita tangu mwanzo, ikiteremka ndani ya mtutu na kukaa sawasawa. Alikuwa pia na risasi laini ya duara la kawaida ambayo ilivimba kwa nguvu ya baruti hadi ikachukua umbo la pembe sita. Zote mbili zilipiga vizuri. Kwa maneno mengine, risasi inaweza kuujaza mtutu kwa kuwa ilitengenezwa na kipimo hicho hicho, au inaweza kuujaza kwa kuvimba. Iliyo na kipimo sahihi inaruhusiwa kuwa ngumu. Inayotegemea kuvimba haina ruhusa hiyo. Nusu ya elimu yote ya ugumu wa risasi imo ndani ya tofauti hii.

Nusu nyingine ilifundishwa na William Metford. Huyu alichonga mifuo ya kina kidogo sana, yapata sehemu moja ya kumi ya milimita, akatumia risasi iliyokazwa na kuviringishwa karatasi. Mfuo wa kina kidogo namna hiyo hauhitaji risasi ivimbe sana. Mpanuko mdogo unatosha, hata madini yaliyokazwa yanaumudu. Kina cha mfuo kikawa sehemu ya hesabu ya ugumu. Watu wengi wakinunua bunduki ya kale huuliza ilitengenezwa mwaka gani na kiwanda gani. Swali la kwanza lingekuwa mifuo yake ina kina gani.

Bunduki za kujaza nyuma ziliposhika hatamu, kila jeshi lilifanya uamuzi wake. Martini-Henry, iliyoanza kutumika katika jeshi la Uingereza mwaka 1871, ilirusha risasi ya gramu 31 kwa baruti nyeusi ya gramu tano na nusu, na mchanganyiko wake ulikuwa sehemu 12 za ledi kwa sehemu 1 ya bati. Ukiilinganisha na Enfield utaona sababu. Mfuo wa Enfield ulizunguka mara moja katika karibu mita mbili. Wa Martini-Henry ulizunguka mara moja katika sentimita 56. Msokoto mkali namna hiyo ukiikuta risasi laini mno, risasi husukumwa mbele kabla haijakubali kuzunguka, na mifuo huichana ubavuni. Juu ya hayo, risasi yenyewe ilikuwa ndefu na nyembamba, na urefu huleta tatizo ambalo watu wa Minié hawakulijua.

Baruti nyeusi hulipuka kwa kishindo cha ghafla. Kitako cha risasi hupokea pigo lote mara moja, huku ncha ikiwa bado imetulia mahali pake. Ni sawa na daladala inayoondoka kwa ghafla: gari limekwenda, abiria waliosimama wamebaki nyuma na kulaliana. Ledi laini hufanya vivyo hivyo. Sehemu ya mbele ya risasi ndefu hujikunja na kunenepa, na balaa ni kwamba hainenepi sawa pande zote. Ncha ikilala upande mmoja kwa kiasi kidogo tu kisichoonekana kwa jicho, uzito wa risasi unakuwa hauko katikati, na kila mzunguko wake hewani unakuwa wa kuyumba. Kwa mita mia hutaona kitu. Kwa mita mia nane utakosa ubao mzima.

Na umbali huo ulikuwa wa kawaida kwa watu hawa. Tarehe 26 Septemba 1874, katika uwanja wa Creedmoor, Long Island, New York, timu ya Ireland yenye watu sita ilikutana na timu ya Marekani kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000, yaani hadi mita 914. Waireland walikuwa na bunduki za Rigby za kujaza kwa mdomo. Wamarekani walikuwa na Sharps na Remington za kujaza nyuma. Wamarekani walishinda kwa pointi 934 dhidi ya 931. Mlengaji mmoja wa Ireland, Milner, alipiga katikati kabisa ya shabaha isiyokuwa yake, akapewa sifuri, na pigo hilo peke yake lilikuwa na uzito wa kuigeuza mechi. Ushindi ulitegemea risasi ya mwisho ya John Bodine, aliyekuwa ameukata mkono wake muda mfupi kabla na akapiga akiwa amefungwa kitambaa. Watu waliokuwa wakigombea pointi tatu kwa karibu kilomita nzima hawakuwa na anasa ya kubahatisha mchanganyiko wa madini. Mwanzoni mwa karne iliyofuata, Franklin Mann, mtu wa Massachusetts aliyesomea udaktari, alifanya majaribio ya kuzikata na kuzipinda risasi kwa makusudi, na mwaka 1909 akachapisha matokeo katika kitabu. Alionyesha kwamba risasi husamehe kasoro ya ncha kuliko kasoro ya kitako. Kitako kikitoka mdomoni kikiwa kimepinda, gesi huponyoka upande mmoja kabla ya mwingine na kuisukuma risasi kando. Gesi inayolamba ukingo wa kitako cha risasi isiyovimba huleta kasoro hiyo hiyo.

Historia hii ina upande wake wa giza, na upande huo uko kwetu. Mwaka 1882 Eduard Rubin wa Uswisi alivalisha risasi ganda la shaba. Miaka miwili baadaye Paul Vieille wa Ufaransa akatengeneza baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 bunduki ya Lebel ikaviweka vyote pamoja. Bunduki zote za baruti nyeusi zikawa za kizamani kwa siku moja. Majeshi ya Ulaya yalizipeleka nyingi katika makoloni. Askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, walibeba Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi ya ledi laini ya milimita 11 na gramu 25. Katika Vita vya Maji Maji, kuanzia mwaka 1905, hiyo ndiyo bunduki iliyowakabili Wamatumbi, Wangindo, Wangoni na wengine walioamini maji ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe yatazigeuza risasi kuwa maji. Miaka sita kabla yake, kule The Hague mwaka 1899, mataifa mengi ya Ulaya, Ujerumani ikiwemo, yalikubaliana kutotumia risasi zinazopanuka au kubonyea kirahisi mwilini. Azimio hilo lilihusu vita baina ya nchi zilizolitia saini tu. Mwili wa mtu wa Songea au Kilwa haukuhesabiwa. Ledi laini ikigonga mfupa hubonyea na kupanuka, na kila daktari wa jeshi wa wakati ule alijua jeraha lake. Wengi zaidi waliuawa na njaa iliyofuata kuchomwa kwa mashamba na maghala, lakini siwezi kuandika kuhusu ulaini wa ledi nikaruka mahali ambapo ulaini huo uliandikwa katika miili ya watu wetu. Bunduki hizo hizo zilikuwa bado mikononi mwa kampuni nyingi za askari Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Tanga Novemba 1914, na moshi mzito wa baruti nyeusi uliwafichua kila walipofyatua.

Turudi kwenye upimaji. Mwaka 1900, katika Maonyesho ya Paris, mhandisi wa Sweden Johan August Brinell alionyesha njia yake ya kupima ugumu: gololi ya chuma inakandamizwa kwenye madini kwa uzito unaojulikana, kisha shimo lililobaki linapimwa upana. Uzito ukigawanywa kwa eneo la shimo unapata namba, nayo ni kilo kwa kila milimita ya mraba. Ledi safi ni 5. Kwa mara ya kwanza, kile walichokijua watu kwa ukucha kikawa na tarakimu, na tarakimu zikafichua jambo ambalo ukucha haukulionyesha vizuri.

Chukua ledi na bati. Sehemu 40 kwa 1 hukupa ugumu wa karibu 8. Sehemu 20 kwa 1, karibu 10. Sehemu 16 kwa 1, karibu 11. Sehemu 10 kwa 1, kumi na moja na nusu hivi. Angalia ngazi hiyo inavyoishiwa nguvu. Bati la kwanza linafanya kazi kubwa. Ukiliongeza maradufu kutoka 20 kwa 1 hadi 10 kwa 1 unapata nyongeza ya pointi moja na nusu tu, na bati ni ghali kuliko ledi zaidi ya mara kumi. Hili ni madini yanayotafutwa kwa jasho Kyerwa mkoani Kagera na Bisie huko Walikale, Kivu Kaskazini, na kulitupa ovyo katika sufuria ya ledi hakuna maana. Kupita 16 kwa 1, fundi wa risasi anateketeza fedha.

Kazi kubwa ya bati, kwa kweli, iko kwenye kalibu. Ledi safi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, lakini uso wake ni mzito. Haupendi kuingia katika pembe ndogo za kalibu. Bati huulegeza uso huo, na risasi hutoka imejaa, kingo zake kali, kitako chake sawa. Ukikumbuka Mann na vitako vyake utaelewa kwa nini mafundi walilithamini. Ledi na bati vina sifa nyingine njema: vikipoa, vinabaki vilivyo. Risasi uliyoisubu leo itakuwa karibu na ugumu ule ule mwakani.

Antimoni ina tabia nyingine kabisa. Hukaza zaidi kwa kiasi kidogo. Mchanganyiko wa sehemu 90 za ledi, 5 za bati na 5 za antimoni hufikia ugumu wa 15. Herufi za mashine za linotaipu, zilizochapa magazeti kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, zilikuwa na antimoni karibu asilimia 12 na bati asilimia 4, na ugumu wake ni 22. Mitambo hiyo ilipokufa, tani kwa tani za herufi ziliangukia mikononi mwa wasubu risasi, na imani kwamba ngumu ndiyo bora ilipata chakula kingi. Lakini antimoni hukaa ndani ya ledi kama chembe ngumu, na risasi yenye nyingi mno huvunjika badala ya kubonyea. Tena madini yenye antimoni hubadilika na wakati: ukiichovya risasi kwenye maji ikiwa ya moto kutoka kalibuni, itaendelea kukaza kwa siku na majuma. Anayepima ugumu siku ile ile anapima kitu ambacho bado hakijaamua kitakuwa nini. Kwa bunduki ya kale ya baruti nyeusi, mimi nasema wazi: antimoni iache. Inafaa bunduki za baruti isiyo na moshi, ambako mwendo ni mkubwa na msukumo unaanza taratibu kuliko pigo la baruti nyeusi, na risasi inakuwa na kipimo kamili cha mtutu tangu mwanzo.

Hadi leo wapo watu wanaoishi ndani ya hesabu hizi. Karibu na mji wa Raton, New Mexico, walenga shabaha wenye bunduki za karne ya 19, au nakala zake, hupiga sanamu za chuma kwa baruti nyeusi: kuku kwa mita 200, nguruwe kwa mita 300, bata mzinga kwa mita 385, na kondoo dume kwa mita 500. Kuku hupigwa kwa kusimama, bila kuegemea popote. Kondoo dume ni mzito, haangushwi kwa kuguswa tu. Risasi lazima ifike na uzito wake wote. Risasi zao nyingi ni za gramu 32 kwenda juu, na mchanganyiko unaotajwa mara nyingi ni kati ya 16 kwa 1 na 30 kwa 1. Ndani ya upana huo kila mtu hutafuta mahali pa bunduki yake. Risasi yenye ncha ndefu nyembamba huvutwa kuelekea 16, kwa kuwa ncha yake ndiyo hujikunja kwanza. Risasi fupi yenye pua butu inaweza kwenda 30 bila shida. Iliyoviringishwa karatasi hutengenezwa nyembamba kuliko mfuo na hutegemea kuvimba, kwa hiyo hairuhusiwi kupita kiasi cha ugumu hata kama msokoto wa mtutu ungependa hivyo.

Kabla ya hayo yote hupimwa mtutu. Gololi ya ledi laini hupakwa mafuta na kusukumwa taratibu kutoka mdomoni hadi nyuma, kisha chapa za mifuo juu yake hupimwa kwa mikromita. Risasi ikizidi kipimo hicho kwa milimita 0.025 hivi, maswali mengi ya ugumu hupungua makali. Mitutu ya kale, Martini-Henry hasa, hutofautiana sana, na risasi ya kipimo cha kitabuni inaweza kupwaya katika mtutu halisi. Nimewasikia watu wakilaumu ledi laini kwa mabaki ya ledi mtutuni mwao, wakaongeza antimoni, mabaki yakazidi. Risasi ilikuwa nyembamba tangu mwanzo. Kuikaza kuliiondolea tumaini lake la mwisho la kuziba pengo.

Mafuta nayo yana neno. Baruti nyeusi huacha masizi magumu, na masizi makavu huichuna hata risasi yenye ugumu kamili. Nta ya nyuki na shahamu huyalainisha. Mafuta haya haya yalikuwa chanzo kimojawapo cha uasi wa askari wa India mwaka 1857, pale ilipoenea kwamba katriji mpya za Enfield, zilizopaswa kung'atwa kwa meno, zilipakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe, na hivyo kuwatia najisi Wahindu na Waislamu kwa pamoja. Mlenga shabaha wa leo hupuliza pumzi ndani ya mtutu baada ya kila pigo ili unyevu uyalegeze masizi. Ni kazi ya uvumilivu, na wasio nao huishia kuulaumu mchanganyiko wa madini.

Kwa asiye na mashine ya Brinell ziko penseli za wachoraji, kutoka zile laini hadi zile kavu. Ncha hukatwa sawa na kusukumwa juu ya risasi. Ile ya kwanza inayochonga madini badala ya kuteleza hukuonyesha ugumu wake. Ledi safi huchongwa na penseli laini za daraja la 4B na 5B. Kipimo hiki hakilingani na maabara, lakini kinatosha kutenganisha ledi safi na chuma chakavu kisichojulikana kimetoka wapi.

Hicho chuma chakavu ndicho kinachonipa hofu. Vizani vya magurudumu ya magari vilikuwa ledi yenye antimoni. Siku hizi vingine ni zinki, na zinki kidogo ikiingia sufuriani hufanya madini yote yagande vibaya kalibuni. Hasara hiyo ni ya fedha tu. Betri za magari ni jambo jingine. Sahani zake zina tindikali na michanganyiko inayotoa gesi za sumu zikiyeyushwa, na vumbi lake hukaa udongoni miaka mingi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri, na watoto wao wakakutwa na ledi katika damu. Phyllis Omido aliyewapigania alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini humo iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikasonga hadi Mahakama ya Juu ya Kenya. Ledi haina kiwango salama mwilini mwa mtoto. Huingia ubongoni, na kinachopotea huko hakirudi.

Wasomaji wengi wa kitabu hiki hawatasubu risasi hata siku moja, na bunduki bila kibali ni kosa la jinai katika nchi zetu zote. Lakini pwani nzima, kuanzia Lamu hadi Mtwara, wavuvi husubu chubwi za mishipi na nyavu, wengi wao kwa ledi ya betri kuukuu, uani, kwenye sufuria ambayo baadaye hurudi jikoni. Kwenu ninyi nina ombi. Msipasue betri; nunueni ledi iliyokwisha kusafishwa, au vipande vya mabomba na mabati ya zamani ya ledi. Yeyusheni nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa sufuria isiyofanya kazi nyingine. Kalibu na madini viwe vikavu kabisa, maana tone moja la maji chini ya ledi ya moto hulipuka na kuirusha usoni. Nguo za kazi zisilale chumba kimoja na watoto, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula au kushika sigara, na wakati wote wa kuyeyusha, watoto na wajawazito wawe mbali.